Naomba ushauri: spishi mpya kwa lava peke yake?

Ndugu zangu, salamu kutoka Likoni. Nina jambo linaninyima usingizi.

Kwa kibali nilikusanya lava, yaani wadudu wachanga, wa Efemeroptera (kundi la wadudu wanaokulia majini) kwenye kijito cha vilima vya Shimba, Kwale. Ni wa familia ya Baetidae, hilo sina shaka nalo. Ila kila ufunguo wa utambuzi ninaoufuata unakwama njiani. Kucha zina safu moja ya meno, mkia wa kati haufiki nusu ya ile ya pembeni, na matamvua yanaanzia pingili ya pili ya tumbo badala ya ya kwanza. Taya la kushoto nimelichora mara nne chini ya hadubini na kila mara naona kitu kilekile.

Wakubwa sina. Wale huishi saa chache tu au siku moja hivi, hata kula hawali, kuwavizia ni bahati. Najua spishi nyingi za Baetidae zimeelezwa kwa lava peke yake, lakini naogopa: je, kama tofauti hizi ni za umri tu? Ninao kumi na mmoja, wawili tu ndio wenye vifuko vya mbawa vilivyokwisha kuwa vyeusi, yaani walikaribia kubadilika.

Niwakate hao wawili nipate midomo ya kuweka kwenye slaidi, au mmoja nimwache mzima awe holotaipu, yaani kielelezo kimoja kinachobeba jina la spishi? Na matamvua yanapukutika ndani ya spiriti, mnayahifadhije?