Uzi: Kufundisha Kiingereza Kidato cha Pili kwa mada za mazingira, darasa la watoto 70. Naomba mbinu

ChakiNyeupe

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi.

Nina mikondo miwili ya Kidato cha Pili, kila mmoja watoto 70. Vipindi ni sita kwa wiki, vya dakika 40, na viwili kati ya hivyo vimeungana. Kitabu kimoja kwa watoto watano, projekta hakuna. Muhula huu nataka niendeshe Kiingereza kupitia mambo ya dunia na mazingira: plastiki, mkaa, mikoko, mafuriko.

Ninapokwama ni hapa. Kipindi kinageuka kuwa Jiografia ya Kiswahili. Mdahalo wanausema watoto wanne walewale. Na msamiati mkubwa kama "greenhouse gases" wanaukariri vizuri sana, ila ukimwambia mtoto autungie sentensi anaangalia dirishani. Wenye uzoefu wa mada hizi mnapangaje?

BiSarufi

Mwalimu, tatizo liko kwenye andalio la somo, hata kabla hujaingia darasani. Ukiandika "mada: uchafuzi wa mazingira", umeandaa Jiografia. Anza na kipengele cha sarufi kilicho kwenye azimio la kazi (mpango wako wa kufundisha wa muhula) wiki hiyo, halafu tafuta jambo la mazingira ambalo halisemeki vizuri bila kipengele hicho.

Mfano, kauli ya kutendwa. Chukua marufuku ya mifuko ya rambo. Habari yenyewe ni kilichopigwa marufuku, aliyepiga marufuku si lazima atajwe, kwa hiyo kutendwa kunakuja kwenyewe. Andika ubaoni mistari mitatu tu: Rwanda 2008, Kenya 28 Agosti 2017, Tanzania Bara 1 Juni 2019. Watunge: "Plastic bags were banned in Rwanda in 2008." Wakimaliza, wape upande wa pili: marufuku ya Tanzania haikugusa vifungashio vya dawa wala vya bidhaa za viwandani na za kilimo. Hapo wanahamia wakati uliopo: "Plastic is still used for packing medicine." Nyakati mbili za kutendwa, na hujatoka kwenye mfuko.

Kitakachoharibika nakwambia mapema: "The bags were banned with the government." Mtoto hajakosea kwa uzembe, ametafsiri "na". Andika sentensi mbili: *Alikuja na mama. Aliitwa na mama.* Waulize "na" ipi inamaanisha pamoja, na ipi inaonyesha mtendaji. Ya kwanza ni "with", ya pili "by". Dakika tano zinatosha. Wanaipata haraka kwa sababu Kiswahili wanakijua tayari, hawajawahi tu kuombwa wakiangalie.

KalamuNyekundu

Naunga mkono BiSarufi, ila utamu wenyewe uko kwenye sentensi za masharti. Mazingira ni masharti matupu: tukikata, tusipopanda, wangezibua mtaro.

Andika: *Tungepanda mikoko, bahari isingekula ufukwe.* Wapigie mstari kila -nge- wanayoiona. Ziko mbili, moja kila upande. Ndiyo maana mtoto anaandika "If we would plant mangroves, the sea would not eat the beach." Ameheshimu sarufi ya kwao. Mwambie hivi: Kiingereza kinalipa -nge- mara moja tu, upande wa matokeo. Upande wa sharti kinavaa nguo za wakati uliopita, ingawa jambo lenyewe halijapita: "If we planted mangroves, the sea would not wash away the beach." Na hapo umeshamwonyesha kuwa bahari ya Waingereza haili ufukwe, inausomba.

Kwa mafuriko tumia -ngali-: *Wangalizibua mtaro, maji yasingaliingia ndani.* Hiyo ni aina ya tatu ya masharti ya Kiingereza, "If they had cleared the drain, the water would not have come in." Tahadhari: watoto wengi siku hizi wanatumia -nge- kwa yote mawili, kwa hiyo hakikisha kwanza kuwa tofauti ya -nge- na -ngali- wanaisikia. Wasipoisikia, acha ulinganisho huo, utawavuruga zaidi.

Kosa jingine ni "If it will rain", kutoka "ikiwa itanyesha". Na jingine linalopenda mada hizi ni la hesabu ya nomino: "the waters are dirty", kwa kuwa maji kwetu ni *ya-*; "rubbishes", kwa kuwa taka ni *zi-*. Bandika ukutani orodha ya nomino sita zisizohesabika za mada hii, yaani "water, rubbish, smoke, charcoal, plastic, soil", ikae hapo mwezi mzima.

ChakiNyeupe

Aisee, hiyo ya -nge- kulipwa mara moja naiiba. Sasa kwenye vikundi nifanyeje wasirudi Kiswahili?

Mzee wa Zamu

Rahisi. Atakayesema Kiswahili avae kibao shingoni mpaka amnase mwenzake anayesema Kiswahili amvishe. Nidhamu kwanza.

BiSarufi

Kibao kinazalisha ukimya, Mzee wangu. Mtoto mwenye maneno 300 ya Kiingereza akitishwa ananyamaza, na darasa kimya halijifunzi kuongea. Wewe utadhani wameelewa.

MwlPwani

Hujambo ChakiNyeupe, mimi naandika kutoka huku Kwale, pwani ya Kenya. Kiswahili usikifukuze, kipe saa yake. Dakika 5 za kwanza za kikundi waruhusu wapange hoja kwa Kiswahili. Kisha piga makofi mara mbili: kuanzia hapo ni Kiingereza, na kila mtoto ana ukanda wa karatasi wenye mianzo mitatu ya sentensi, si zaidi. Kwa mfano "I depend on…", "If we stopped…, we would…", "I agree, but…". Wakirudi kwenye Kiswahili, mara nyingi ni kwa sababu hawana maneno ya kubishana. Hoja wanazo.

Mdahalo wa pande mbili uache. Fanya baraza la kijiji, kila mtu na maslahi yake. Kisa kizuri kiko huku kijijini Gazi: Mikoko Pamoja, mradi wa jamii unaotunza hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ukaa (yaani kulipwa kwa hewa ukaa ambayo mikoko inaihifadhi) tangu 2013, na fedha zake zinaingia kwenye mambo ya kijiji kama maji na shule. Kadi za uhusika ni tano: mvuvi, mkata boriti, mama muuza samaki, mwenye hoteli, mzee wa kijiji. Kila kadi ina mambo mawili ya kweli na jambo moja analoliogopa mhusika. Maneno 30 kwa kadi yanatosha. Ukizidisha wataisoma kadi badala ya kuongea.

Hatua, kwa kipindi cha dakika 80:

Wahesabu 1 hadi 5, kila namba ni kadi moja. Wenye namba inayofanana wakae wawili wawili, maana 14 wakikaa pamoja watasema wawili tu. Dakika 10 wajiandae. Halafu changanya upate vikundi 14, kila kimoja chenye wahusika wote watano. Dakika 15 wabishane, na sharti ni kwamba kila mmoja aseme mara mbili kabla yeyote hajasema mara ya tatu. Wape kokoto: kila mtu mbili, ukisema unaweka moja chini. Zikiisha, nyamaza mpaka za wenzako ziishe. Kokoto ndizo zinazowanyamazisha wale wanne wako. Dakika 20 za mwisho waandike maazimio matatu ya baraza. Muda unaobaki utaliwa na kuhamisha madawati, usijidanganye.

KalamuNyekundu

Kokoto nakubali. Mchoma mkaa je, mwalimu kataja mkaa.

MamaMlezi

Mkaa uushike kwa uangalifu. Darasani mwako kuna mtoto ambaye ada na daftari vinatoka kwenye gunia la mkaa la mama yake. Ukiweka swali "Who destroys our forests?", umemsimamisha kizimbani mbele ya wenzake. Hatasema, na hatakusahau. Weka swali la kupima: kwa tanuri la udongo la kienyeji, kilo 100 za kuni kavu hutoa takribani kilo 10 hadi 20 za mkaa. Hapo wana namba za kulinganisha: "An earth kiln wastes more wood than…", "How much wood is needed for one sack?" Wanafanya hesabu kwa Kiingereza, wanatumia "more", "less", "as much as", na hakuna mzazi aliyetukanwa. Mchoma mkaa akiwa kwenye baraza, mpe hoja zenye nguvu kuliko wote, na kadi yake mpe mtoto anayeongea vizuri.

Vilevile punguza habari za dunia kuisha. Wiki tatu mfululizo za barafu kuyeyuka na wanyama kufa zinawachosha, insha zote zinaanza kuishia "we are all going to die". Changanya na mtu aliyefanya kitu. Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya, anafaa sana kwa wakati uliopita: alizaliwa Nyeri 1940, akaanzisha Green Belt Movement (harakati ya kupanda miti) 1977, akapinga jengo la ghorofa 60 Uhuru Park, Nairobi, 1989, akapata Nobeli ya Amani 2004, akafariki 2011. Tarehe tano, vitenzi vitano, na vitatu kati yake havifuati kanuni ya "-ed": "was born", "won", na "fought" ukitumia hicho kwa Uhuru Park.

ChakiNyeupe

Nimekupata dada, la mkaa sikuwa nimelifikiria hivyo. Na usomaji? Vitabu sina.

MwlPwani

Imla ya kukimbia. Tunga mwenyewe kifungu cha maneno 80 hadi 100, maneno mapya yasizidi 8, na matano kati ya hayo yafundishe kabla kwa kitu halisi au mchoro. Nakili mara nne, bandika kuta nne za nje. Nakala moja tu haitoshi, watarundikana na kusukumana. Kikundi cha watano: mmoja anakimbia, anasoma sentensi moja, anarudi kuisema, wanne wanaandika. Kila sentensi mkimbiaji mpya. Kupiga kelele kutoka nje, sentensi hiyo inafutwa.

Baada ya hapo ndipo maswali ya ufahamu. Usiyaulize kabla, watakimbilia kutafuta jibu na kuacha lugha.

Ukitaka data zao wenyewe, wapeleke uani dakika 15 wahesabu taka kwa macho katika mraba wa hatua 10 kwa 10. Hakuna kugusa kitu kwa mkono. Kabla hawajatoka ukague mwenyewe kama kuna sindano au vioo. Safu nne kwenye daftari: plastiki, karatasi, mabaki ya chakula, vingine. Wakirudi: "There were twice as many bottle tops as…" Gawa miraba tofauti kwa vikundi, la sivyo wote wanaleta namba moja na hakuna cha kulinganisha.

KalamuNyekundu

Kusahihisha sasa, maana insha 140 zitakuua. Andiko moja kwa watu wawili, yanabaki 70 kwa mikondo yote. Sahihisha kipengele cha wiki tu. Kama ni masharti, pigia mstari masharti, tahajia iache ipite. Alama 10: nne za hoja, nne za kipengele, mbili za mpangilio. Kwa dakika mbili kila moja ni saa mbili na dakika ishirini, zigawe siku mbili. Usiandike jibu sahihi. Weka alama pembeni ya mstari, wao watafute kosa dakika 10 za kipindi kinachofuata. Wasiloliona ndilo unalolirudia ubaoni.

Mtihani usikutishe: barua, insha na muhtasari vyote vinaingia humu. Maazimio ya baraza yanageuka barua rasmi kwa mwenyekiti wa mtaa, kichwa, anuani na yote.

ChakiNyeupe

Swali dogo la mwisho. Manila (zile karatasi kubwa za kubandika ukutani) zinauzwa bei, na nne kila wiki mfuko wangu hauwezi. Mnatumia nini?

BiSarufi

Mifuko ya saruji, ile ya karatasi, siyo ya nailoni. Ombeni kwa mafundi. Ikung'ute nje, upepo ukiwa mgongoni mwako, vumbi lake linauma macho. Kata mshono wa chini, fungua ubavu, tupa tabaka lililoshika saruji. Tabaka la kati linakuwa safi. Herufi ziwe na urefu wa sentimita 3 hadi 4 ili wa dawati la nyuma asome, na andika kwa malkapeni nyeusi au bluu. Nyekundu kwenye kaki haionekani.

Mzee wa Zamu

Na usibandike kwa ugali, panya watamaliza kifungu chako kabla ya kipindi cha kwanza. Tumia misumari midogo.