Kwaya ya kanisa kuimba kwa mahadhi ya taarab mbele ya mashehe, nyinyi mwaonaje?

Mtoto wa Kuze
Wadau salaam. Juzi Jumamosi kulikuwa na futari ya pamoja hapa kisiwani Mombasa, mashehe, mapadri, mapasta, hata wazee wa Kihindu walikuwako, mambo ya amani na ujirani mwema. Mie nilipelekwa na rafiki. Watu wakala tende, wakanywa uji, wakaswali, wakarudi mezani, mara kwaya ya vijana ikasimama ikaimba wimbo wa Yesu kwa mahadhi ya taarab tupu, udi, kanuni ile ala ya nyuzi nyingi, dumbak, na yule dada anayeongoza anavuta sauti kama yuko harusini Kibokoni. Wageni wakapiga makofi. Shehe mmoja kwenye meza yetu aliweka kikombe chini akatazama sahani mpaka wimbo ukaisha. Sasa nauliza, huu ni udugu ama ni kuchukua chombo cha wenyewe ukapakia mzigo wako? Mie sikupendezwa, nasema wazi.

Kengeleni Kwetu
Yakhe, chombo cha nani? Taarab si imetoka Misri? Kila mtu ajua kile kisa cha Sultani Barghash kumtuma mtu Cairo akajifunze kanuni arudi nayo Unguja. Na hapa kwetu marehemu Juma Bhalo, nyimbo zake ngapi zilikuwa mahadhi ya filamu za Kihindi? Tulizipenda, hatukuuliza Wahindi kama wametoa ruhusa. Leo Mkristo ashike udi siku moja limekuwa deni.

Bi Shela
Misri tena? Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 akarekodi santuri kwa KISWAHILI. Zilizotoka Misri ni ala. Maneno yetu, mafumbo yetu, na marehemu Zein wa Lamu alipokuwa akishika udi, ule udi ulisema Kiswahili. Usitwambie ya Misri kana kwamba tuliiokota jaani.

Baharia Likoni
Siti si ilikuwa 1930 mama?

Bi Shela
1928 mwanangu.

Maalim M
Mie nina moja tu. Taarab si ibada. Mashehe wangapi waikataza? Huyo mzee Bhalo mwenyewe si aliacha kuimba akashika msikiti kabla hajafa 2014? Sasa tukiikemea Ijumaa kwenye mimbari, Jumamosi twaidai vipi kuwa ni mali ya dini? Wangechukua qaswida ya Maulidi, pale ningeinuka nikatoka. Lakini taarab ni ngoma ya watu wa mji, na Wakristo pia ni watu wa mji.

Mtoto wa Kuze
Kengeleni wasema siku moja, si siku moja bwana! Kila uchao watu wa kuja wachukua. Leso wamechukua, pilau imekuwa chakula cha Krismasi, sasa taarab. Halafu ukisema waambiwa una chuki.

Kengeleni Kwetu
Watu wa kuja ni kina nani? Nijibu. Mie wangu walifikishwa Frere Town miaka ya 1870 wakiwa wamekombolewa, walishushwa kwenye majahazi ya watumwa, hawakupanda basi la usiku kutoka mahali. Ule mnara wa kengele hapo njia panda ya Nyali, hiyo Kengeleni yenyewe unayoshukia matatu, bibi yangu alitwambia ilikuwa ikipigwa wanaowinda watumwa wakionekana, ili watu wajifiche. Twasali kwa Kiswahili, twazika kwa Kiswahili, hatuna lugha nyingine ya kurudia. Leo kijana wa Kuze aniambia nimekuja. Nimekuja nikitoka wapi? Nitajie.

Mtoto wa Kuze
Sikukusema wewe.

Kengeleni Kwetu
Umesema. Liko hapo juu limeandikwa.

Mnazi wa Rabai
Nyote wawili tulieni. Mmishenari Krapf alifika Mombasa 1844, Rabai 1846, na alipofika alitukuta sisi na kaya zetu. Mbona hakuna anayeuliza Wamijikenda? Ngoma yetu ya mwanzele ya matangani imeingia kwenye muziki wa bango, bango yapigwa harusi za Waislamu na za Wakristo, hatujamdai mtu hata nazi moja.

Bi Shela
Hapo kwa bango umenena.

Baharia Likoni
Mie nitawaambia nilichokiona kwa macho. Ramadhani, matatu ya kwenda Likoni, dereva ana rozari kwenye kioo, kwenye spika qaswida. Adhana ikatukuta kwenye foleni ya feri. Makanga akatoa mfuko wa tende chini ya kiti akaupitisha nyuma, abiria wote wakachukua, waliofunga na wasiofunga. Mama mmoja mwenye Biblia mapajani akamuuliza jirani yake achukue ngapi, moja ama tatu. Basi. Hakukuwa na mkutano wala vitambulisho vya shingoni.

Mtoto wa Kuze
Hiyo ni tende Baharia, haina maneno. Wimbo una maneno. Mahadhi yale nimeyasikia tangu utotoni kwa shangazi zangu, sasa yamsifu Yesu kuwa ni mwana wa Mungu na mie nimekaa pale na tende mdomoni. Nifanyeje, nipige makofi?

Kengeleni Kwetu
Na kanisa kuu la Anglikana pale Nkrumah Road, limeanza kujengwa 1903, lina kuba kama la msikiti. Watalii huuliza kama ni msikiti. Ulishawahi kulilalamikia?

Mtoto wa Kuze
Kuba haliimbi.

Maalim M
Kuze, hilo la maneno ndilo zito, lijadili hilo, uache mambo ya nani alikuja lini. Uniletee na jibu la lile langu la mimbari.

Bi Shela
Mwagombana tu, hakuna aliyenambia la maana. Hiyo kanuni kapiga nani? Wapigaji wake Mombasa hii wahesabika kwa vidole, na wengi wameshakufa.

Mtoto wa Kuze
Kijana wa mtaani kwetu. Muislamu, namjua mpaka mamake. Ndio roho iliniuma, sikutaka kulitoa hapa.

Kengeleni Kwetu
Kumbe. Alilipwa?

Mtoto wa Kuze
Hakulipwa. Aliombwa na yule dada wa kwaya, wamekulia nyumba moja ya kupanga, milango yatazamana. Alifuturu, akaswali Magharibi na sisi, safu moja na mie, kisha nikamwona ameketi anajifunga vile vipete vya kupigia vidoleni, kimoja kimoja, polepole, wala hakutazama upande wetu.

Maalim M
Ulimuuliza baadaye?

Mtoto wa Kuze
Sijamuuliza. Tangu siku ile nikimwona napita njia nyingine.

Bi Shela
Usipite njia nyingine mwanangu, huyo ni wako. Na kama kuna video nitumie, nataka kusikia mkono wake.