Kishikwambi kimevimba na muuzaji yuko ng'ambo

*Jumapili jioni*

Mimi: Shikamooni wakubwa zangu. Samahani kwa kuwasumbua, lakini nimekwama. Kishikwambi nilichoagiza kwa muuzaji wa ng'ambo kilinifikia wiki tatu zilizopita kikiwa kizima kwa nje. Wiki ya kwanza kilifanya kazi vizuri, ya pili kikaanza kuzimika huku kikionyesha kwamba kina nusu ya chaji, na tangu juzi kioo kimenyanyuka upande wa kulia. Nikipitisha kipande cha karatasi kati ya kioo na fremu kinaingia bila kukwama, na nikikilaza mezani kinayumba. Muuzaji ananijibu kwa upole kila siku, ila fedha harudishi.

Mama: Marahaba, mwanangu. Kwani bado unakitumia?

Mimi: Jana usiku nilikichaji, Mama, ili nihamishe picha zangu.

Mjomba: Marahaba. Kabla hatujafika kwenye fedha, chomoa chaja sasa hivi. Hiyo ni betri ya lithiamu iliyovimba, maana yake ndani yake kumejaa gesi kwa sababu kemikali zimeanza kuharibika, na ule utando unaotenganisha pande mbili za betri ukichanika, moto unaweza kuwaka bila mtu kukigusa. Usikibonyeze kioo ili kirudi mahali pake, usijaribu kukitoboa, wala usikiweke kitandani au karibu na pazia.

Mimi: Nimekichomoa na kukizima, Mjomba. Nimekilaza juu ya vigae, mbali na kitu chochote kinachoweza kushika moto.

Shangazi: Hapo umefanya vyema. Sasa tuandikie maneno ya muuzaji kama alivyoyaandika, usitufupishie.

Mimi: Mwanzoni aliniambia nibadilishe chaja, nikabadilisha. Akaomba video, nikamtumia, akaomba nyingine yenye mwanga zaidi. Siku nane zilizopita nilifungua malalamiko kwenye soko la mtandaoni nilikonunulia, na jana ameniandikia hivi: "Mteja mpendwa, tafadhali funga malalamiko yako, nasi tutakurudishia fedha kwa njia nyingine ndani ya siku saba; vinginevyo, turudishie kifaa kwa gharama yako." Nilikuwa karibu kuyafunga, kwa kuwa anaonekana mtu mwenye nia njema.

Dada Mkubwa: Usiyafunge, mdogo wangu, hata akikuapia. Nilipitia jambo hili kwa spika iliyokufa siku ya tano, nami nilifunga malalamiko kwa ahadi kama hiyo hiyo, na tangu siku ile muuzaji hakujibu tena. Kwenye masoko mengi, malalamiko ambayo mnunuzi ameyafunga mwenyewe hayafunguliki tena, na muuzaji analijua hilo kuliko sisi. Upole wake unakula siku zako. Kila video ya ziada anayoiomba ni siku mbili tatu, na siku hizo zinahesabiwa: ukurasa wa oda yako una tarehe ya mwisho ya ulinzi wa mnunuzi, ambayo ikipita soko halikusikilizi tena hata ukiwa na haki yote. Waliolipa kupitia PayPal, kwa mfano, wana siku 180 tangu siku ya malipo za kufungua shauri, lakini wakishalifungua wana siku 20 tu za kulipandisha ili PayPal yenyewe iamue, na wasipofanya hivyo linajifunga. Wengi hupotezea fedha zao hapo, katika zile siku 20 za kusubiri jibu la kirafiki. Je, ulilipa kwa njia gani, na tarehe yako ya mwisho ni ipi?

Mimi: Nililipa kwa kadi ya benki, Dada. Nimetazama sasa hivi: zimebaki siku nne.

Dada Mkubwa: Basi leo hii bonyeza sehemu ya kuomba soko liingilie kati na kutoa uamuzi. Usisubiri kesho.

Mama: Na sheria je? Haiwezekani mtu akauza kitu kibovu kisha akaachwa hivi hivi.

Dada Mkubwa: Sheria zipo, Mama, na nyingine ni nzuri. Katika Umoja wa Ulaya muuzaji anawajibika kwa kasoro kwa muda usiopungua miaka 2, na Uingereza ina sheria ya mwaka 2015 inayompa mnunuzi siku 30 za kukikataa kitu kibovu na kurejeshewa fedha yote. Tatizo ni kumfikisha muuzaji mbele ya sheria hizo akiwa nchi nyingine kabisa, kwa kifaa kimoja. Ndiyo maana mimi huwa namfuata aliyepitisha fedha: kwanza soko, na likishindwa, benki iliyotoa kadi. Benki inaweza kuupinga muamala kwa sababu kwamba bidhaa ina kasoro au si kama ilivyoelezwa, na kwa kadi za Visa na Mastercard muda wa kufanya hivyo kwa kawaida ni siku 120. Ila usifungue njia zote mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu soko likiona benki imeingia huenda likalifunga shauri lako kwake.

Shangazi: Na hilo la kukirudisha kwa gharama yako mwenyewe?

Mjomba: Hilo haliwezekani, na ni vizuri uliandike wazi. Nimefungasha mizigo miaka mingi: betri ya lithiamu iliyoharibika kiasi cha kuweza kutoa joto la hatari hairuhusiwi kabisa kusafirishwa kwa ndege, iwe peke yake au ndani ya kifaa. Muuzaji anayedai irudishwe kwa posta anadai jambo ambalo kanuni za usafiri wa anga zinalikataza. Ingekuwa kasoro ya kawaida, kama kitufe kisichobonyezeka, ningekwambia ukitume kwa namba ya ufuatiliaji na uandike kwenye fomu ya forodha kwamba ni bidhaa inayorudishwa, ili asije akasingizia ushuru.

Mimi: Nimeandika hivi, naomba mnisahihishie: "Kifaa kilianza kuzimika siku ya kumi baada ya kupokelewa, na sasa betri imevimba na kunyanyua kioo, kama inavyoonekana kwenye picha zilizoambatishwa. Muuzaji ameniomba nifunge malalamiko na nipokee fedha nje ya soko, nami sikubali. Kukirudisha kwa ndege hakuruhusiwi kwa kuwa betri imeharibika. Naomba nirejeshewe fedha yote kwenye kadi niliyolipia."

Shangazi: Ni maandishi mazuri. Ongeza picha ya skrini ya ule ujumbe wake wa jana, na picha ya lebo ya nyuma yenye namba ya kifaa, ili wasiseme umepiga picha kishikwambi cha mtu mwingine.

Dada Mkubwa: Ongeza pia picha ya chaja iliyokuja nayo, sehemu inayosomeka volti 100 hadi 240, ionekane kwamba inafaa kwa umeme wa kwetu. Alianza kwa kuilaumu chaja, kwa hiyo ataurudia utetezi huo.

Mimi: Nimeongeza vyote na nimetuma. Ahsanteni sana.

*Jumatatu ya wiki iliyofuata*

Mimi: Shikamooni. Muuzaji alijitolea kunirudishia robo ya bei, nikakataa, kisha akapandisha hadi nusu, nikakataa tena. Asubuhi hii soko limeamua nirejeshewe fedha yote bila kukirudisha kifaa, nazo zitaonekana kwenye kadi baada ya siku chache za kazi.

Dada Mkubwa: Nimefurahi mno. Hifadhi ujumbe wa uamuzi hadi fedha zionekane kwa macho yako. Zisipoonekana, huo ndio utakaoupeleka benki.

Mama: Alhamdulillahi. Na kishikwambi chenyewe bado kiko pale sakafuni?

Mimi: Bado kipo, Mama, na kimevimba zaidi. Kesho ninakipeleka kwa wanaokusanya betri chakavu. Nimewapigia simu, wamesema nikiweke ndani ya chombo chenye mchanga mkavu.

Mjomba: Kipeleke asubuhi, kabla ya jua kali.