Breki ya kujifunga yenyewe kati ya motari na chukudu: niizime?

Dereva wa Birere: Wakubwa, gari ni mtumba wa Japani, usukani kulia, kamera nyuma ya kioo cha mbele. Hapa Goma, kati ya motari (pikipiki za abiria) na chukudu (skuta za mbao za kubebea mizigo), kengele ya onyo hailali. Nizime yote?

Fundi Himbi: Usizime yote, kaka. Kwanza futa kioo mbele ya kamera. Vumbi la volkano linaipofusha. Kama kioo kilibadilishwa bila kamera kupimwa upya, inaweza kukosea hata kikiwa safi. Kisha ingia kwenye menyu, weka onyo la mgongano lichelewe. Kwa Toyota nyingi, ukibonyeza kitufe cha PCS (mfumo wa kuzuia mgongano, wenye breki hiyo) sekunde 3 inazimika, lakini ukiwasha mota tena inarudi.

Mama Usukani: Onyo la kutoka mstarini ndilo la kuzima. Mistari iko wapi? Rada za pembe za nyuma, zinazoonya aliye pembeni, usizizime: umekaa kulia, motari anakupita kushoto usikomuona.

Fundi Himbi: Kweli. Ila chukudu usiitegemezee mashine. Mbao hazirudishi mawimbi ya rada kama chuma, na kamera imefundishwa magari na watu, si rundo la magunia linaloteremka. Mguu ukae karibu na freni.