Naombeni ushauri: kocha mpya wa timu yetu ya mtaa kang'ang'ania mabeki watatu, tufanyeje?

MtuWaMakorora:
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa haraka, kikao cha kamati ni Jumapili hapa Tanga.

Timu yetu ni ya mchangani tu. Wachezaji ni bodaboda, vibarua wa bandarini, fundi baiskeli mmoja na wanafunzi wachache. Miaka yote tumecheza 4-4-2, hata ukimwamsha mtu usiku wa manane anajua asimame wapi. Kocha wetu wa zamani kahamia Korogwe msimu ukiwa katikati, ndipo akaletwa huyu kijana mwenye cheti. Siku ya kwanza akaokota kijiti akachora mchangani: mabeki watatu, viungo wawili, wa pembeni wawili wa kupanda na kushuka, mbele watatu.

Tangu hapo hatuna raha. Nahodha wetu, ambaye ndiye mpishi wa mabao yote, kamshusha akabe. Winga wetu wa kulia, mtoto ana mbio za kutisha, kageuzwa nusu beki. Tumefungwa, tumefungwa tena, tukaja tukashinda moja dhidi ya watani wetu wa mtaa wa pili, basi watu wakanyamaza. Halafu tukatolewa kwa matuta na timu ya daraja la chini yetu. Tukimwambia abadilishe, anasema mfumo haubadiliki, watabadilika wachezaji.

Je, mfumo huu unafaa kwa timu kama yetu? Na ni haki kamati kumwondoa mapema hivi? Naomba kuwasilisha.

WingaTeleza:
Nimeona "beki tatu" nikajua mkuu anatafuta dada wa kazi. Nimefungua uzi mbio mbio na namba ya simu mkononi.

KahawaChungu:
Mgosi, mimi nimeanza kwenda uwanja wa Mkwakwani nikiwa nabebwa begani. Nimeiona Coastal Union ya 1988 ikichukua ubingwa wa Bara, na nimeona mwaka 2016 timu zetu zote tatu, Coastal, African Sports na Mgambo, zikishuka daraja kwa msimu mmoja. Mkoa mzima ukabaki unaangalia ligi kwenye luninga. Unadhani kulikuwa na mfumo mmoja uliotushusha? Tatu kwa mpigo! Sasa nenda fainali ya Kombe la Shirikisho 2022 pale Arusha. Mshambuliaji wetu Sopu kawapiga Yanga matatu peke yake, tatu kwa tatu, tukafa kwa matuta. Mpaka leo barazani kwetu anatajwa Sopu. Sijasikia mtu akiuliza kocha Mgunda alipanga mabeki wangapi.

WingaTeleza:
Mzee shikamoo, lakini swali ni la timu ya Makorora.

KahawaChungu:
Marahaba. Nalijua swali. Nimejibu.

NambaSita:
Mleta mada, ngoja nikujibu kimpira. Huo mfumo wa kocha wenu, 3-4-3, si mbaya. Conte akiwa kocha wa Chelsea alifungwa 3-0 na Arsenal Septemba 2016, akaamua kuhamia huko moja kwa moja, Chelsea ikashinda mechi 13 za ligi mfululizo na kubeba kombe. Victor Moses alikuwa winga, akageuzwa wa pembeni wa kupanda na kushuka, na akaonekana mchezaji mpya. Kwa hiyo hilo la mtoto wako mwenye mbio peke yake si kosa.

Shida iko kwenye wale wawili wa kati. Mkicheza na timu yenye viungo watatu, kila mpira wenu wawili wanakimbizana na watatu. Conte alikuwa na Kanté na Matić, Kanté peke yake anatosha kuhesabiwa wawili. Nyie mna nani pale?

MtuWaMakorora:
Nahodha na fundi baiskeli.

NambaSita:
Haya.

Shida ya pili ni miguu. Kwenye mfumo huo wanaokimbia kuliko wote ni hawa wa pembeni. Timu ikiwa na mpira ni mawinga, ikipoteza wanarudi mstari mmoja na mabeki, mnakuwa watano nyuma. Sasa mtu amebeba magunia bandarini tangu asubuhi, saa kumi jioni unamwambia apande na kushuka dakika 90 kwenye mchanga? Dakika ya sitini atabaki alikopanda. Mpinzani anapiga mpira mrefu nyuma yake, beki wa kati anavutwa pembeni, katikati wanabaki wawili na mshambuliaji anajichagulia pa kupiga. Niambie kama mabao mliyofungwa hayakuwa hivyo.

MtuWaMakorora:
Mkuu ni kama ulikuwepo. Karibu yote yametokea kushoto kwetu, kipindi cha pili.

DadaWaDuga:
Kaka zangu mnachora mishale tu. Mimi nina swali dogo. Huyo kijana akiondoka, timu anachukua nani?

MtuWaMakorora:
Hilo kamati itajua, dada. Turudi kwenye mfumo.

BibiSamaki:
Na wewe kwenye kamati ni nani?

MtuWaMakorora:
Ni mjumbe wa kawaida.

BibiSamaki:
Wajumbe wa kawaida hawakosi usingizi kwa ajili ya mabeki watatu, mwanangu. Mume wangu marehemu alikuwa mjumbe wa timu miaka na miaka, alikuwa anakwenda kikaoni kwa ajili ya soda.

Kimanumanu_Damu:
Nyie Wagosi wa Kaya kila kocha mnamtafutia sababu. Mkimaliza nafasi ya nne msimu wa 2023/24 mnamsifu kocha Ouma wa Coastal mpaka Wakenya wenyewe wanashangaa, mkifungwa mbili mnaitisha kikao. Ugonjwa umeshuka mpaka mitaani.

KahawaChungu:
Mtani wa African Sports, wewe timu yako iko ligi gani vile?

Kimanumanu_Damu:
Mzee tuheshimiane.

DadaWaDuga:
Narudia swali langu. Mtu hatoi kopo la maji kwenye mtungi bila kujua analipeleka kwa nani. Nani anachukua timu?

MtuWaMakorora:
Yupo mtu anayewajua vijana. Alikuwa msaidizi wa kocha wa zamani.

NambaSita:
Ana jina?

MtuWaMakorora:
Sawa. Ni mimi.

Lakini kabla hamjaanza kunirushia mawe nisikilizeni. Sikuomba. Mwenyekiti ndiye aliyenifuata akaniuliza kama niko tayari, nikamjibu Mungu akipenda. Mipira inalala kwangu. Jezi zinafuliwa kwangu, mke wangu ndiye anayeshona namba zikibanduka. Kijana alipoletwa hakuna aliyeniuliza neno, nilikuta yuko uwanjani na filimbi. Nikapiga moyo konde, nikamkabidhi daftari la mazoezi. Hajalifungua.

WingaTeleza:
Ohooo! Tulikuwa tunajadili 3-4-3 kumbe tunajadili daftari.

BibiSamaki:
Nilijua. Mwanangu, ungesema mapema. Hapo swali si mpira tena, ni amana. Wewe ni msaidizi wake, umekaa naye benchi moja, unakula naye mihogo, halafu Jumapili unyanyue mkono aondoke ukae pale alipokuwa amekaa? Hata ukishinda kila mechi watu watasema.

MtuWaMakorora:
Watu wanasema hata sasa, mama. Wanasema kwa nini msaidizi ananyamaza timu ikiharibika.

NambaSita:
Umeshamwambia yeye mwenyewe, ana kwa ana, kwamba kiungo kinazidiwa?

MtuWaMakorora:
Ana kwa ana bado. Nimeongea na nahodha na kipa, wako upande wangu. Nahodha anasema hata mazoezi ya Alhamisi anaweza asije. Sikumtuma. Nilimwambia tu afanye anavyoona.

DadaWaDuga:
"Afanye anavyoona." Kaka yangu, hapo umeshapiga kura kabla ya kikao. Hujaja kuomba ushauri, umekuja kutafuta mashahidi.

FundiWaNgamiani:
Mimi yalinikuta kazini. Msimamizi mpya kabadilisha zamu, nikawachochea wenzangu, akaondolewa, nikapewa mimi. Baada ya mwezi nikagundua zamu zake zilikuwa nzuri, ila nikaona aibu kuzirudisha. Watu wakateseka na zamu zangu mpaka nikahama. Endeleeni.

Mpekuzi:
Samahani, naomba kuharibu sherehe. Nimesoma uzi huu mara mbili na naona tunanyweshwa chai. Tazameni. Kocha kijana kaingia msimu ukiwa katikati na 3-4-3 yake mfukoni. Huyo ni Amorim alipoingia Manchester United, Novemba 2024, akitokea Sporting ya Ureno. Kafungwa fungwa lakini kashinda kwa watani. Hiyo ni City 1-2 United, Desemba ya mwaka uleule, na bao la ushindi kafunga Amad, winga aliyegeuzwa wa pembeni. Nahodha mpishi wa mabao kashushwa chini. Bruno Fernandes huyo. Katolewa kwa matuta na timu ya daraja la chini. Grimsby, Agosti 2025, penalti 12 kwa 11. Hata "mfumo haubadiliki" ni yuleyule. Mkuu umechukua Old Trafford ukaiandikia Makorora, na sisi tunakupa ushauri wa ndoa.

WingaTeleza:
Nimecheka mpaka abiria kageuka. Duh, yote yamo!

Kimanumanu_Damu:
Kumbe ni chai. Na mimi nimeshagombana na mzee wa watu bure.

BibiSamaki:
Kama ni uongo basi mwanangu una kipaji, ila umetupotezea muda wa kupika.

MtuWaMakorora:
Wakuu, si uongo. Mnashangaa nini ikifanana? Kijana anaangalia mpira uleule tunaouangalia sisi kwenye kibanda. Ni shabiki wa United, simu yake nzima ni video za mazoezi ya Sporting. Aliyoyaona huko ndiyo anayoyaleta huku, na makosa yake yote. Hilo ndilo linaloniuma! United ilimaliza ya 15 na pointi 42 msimu ule wa 2024/25, na ile ina vitanda vya barafu na wapishi. Sisi maji ya kunywa tunabeba kwenye dumu la mafuta ya kula.

Mpekuzi:
Maneno matamu. Nipe kitu ambacho hakikutokea Grimsby.

MtuWaMakorora:
Matuta yetu yalianza jua limezama. Kwenye uwanja ule hakuna taa, na mstari wa goli tulikuwa tumeuchora kwa kisigino, kipindi cha pili ulishafutika. Mwamuzi akaita bodaboda mbili zisimame nyuma ya goli, zikawasha taa kuelekea kwa wapigaji. Kipa wetu alikuwa anaonekana kivuli tu. Nahodha alipofika kupiga, moja ya zile pikipiki ikazima, mwenyewe akawa anaipiga kiki, mwamuzi anamsubiri, watoto wanazomea. Nahodha kasimama na mpira pale muda wote huo. Ilipowaka akapiga, ukagonga mwamba ukarudi mpaka kwenye miguu yake. Hiyo ndiyo iliyotutoa. Kijana alimfuata nahodha akamshika shingo, wakatoka pamoja, hakumlaumu. Nilikuwa nimesimama pembeni yao.

DadaWaDuga:
Hiyo ya pikipiki kuzima naiamini. Na hiyo ya mwisho umeiandika bila kutaka.

Mpekuzi:
Mimi bado. Lakini imepungua kidogo.

NambaSita:
Awe Amorim au awe kijana wa Makorora, majibu ya mpira hayabadiliki. Kama ni kweli, usisubiri kikao. Kaa naye leo, chukua kijiti kilekile, mchoree mabao ya kushoto. Mtu aliyesomea ukocha ukimwambia "mfumo wako mbaya" atakaza. Ukimwambia "bao hili lilianzia hapa", atainama aangalie.

MtuWaMakorora:
Na akikaza?

NambaSita:
Basi kikaoni utakuwa na la kusema. Sasa hivi huna.

MtuWaMakorora:
Mkuu, ni rahisi kuandika. Mimi nina umri wa kumzaa yule. Nimfuate nikamwombe anisikilize?

KahawaChungu:
Umri wako umekusaidia nini hadi sasa, mgosi? Mfuate.

BibiSamaki:
Na nahodha mwambie Alhamisi aende mazoezini. Hilo usimwachie "anavyoona".

MtuWaMakorora:
Wakuu, mrejesho. Kikao hakipo, mwenyekiti kapata msiba Pangani, kimesogezwa mpaka atakaporudi. Nahodha mazoezini kaja, kachelewa. Kijana sijaongea naye sana, nilimkuta anafunga nyavu nikamsaidia upande wa pili. Jumamosi tunacheza Pongwe, mabeki watatu kama kawaida.

NambaSita:
Bado una siku moja. Mwombe jambo dogo tu. Wa pembeni wasipande wote wawili kwa wakati mmoja. Wa kulia mwenye mbio akipanda, wa kushoto abaki, mabeki watatu wasogee kidogo kulia. Hapo mna wanne nyuma na hakuna aliyegusa mfumo wake. Halafu mmoja wa wale watatu wa mbele arudi katikati mkipoteza mpira, fundi baiskeli apumue. Kama nahodha ana miguu mizito, mpeleke yeye mbele, huyo mwingine ndiye arudi.

MtuWaMakorora:
Hilo la wa kushoto nitamwambia. La nahodha atadhani nimetumwa.

WingaTeleza:
Si umetumwa? Na sisi hapa ni kina nani?

Mpekuzi:
Pongwe saa ngapi? Nina baiskeli na Jumamosi sina kazi.

MtuWaMakorora:
Saa kumi. Jezi zetu za bluu, namba tisa imeshonwa kwa uzi mwekundu, bluu uliisha.

Mpekuzi:
Nakuja. Nikikuta mabeki wanne naomba uzi huu ufungwe.