Kuku wanakufa mmoja mmoja usiku, hawahari wala hawakohoi. Nianze kutafuta wapi?

Mtetea_Mweupe
Wakuu habari zenu. Nilikuwa na kuku 23 wa kienyeji, leo nimebaki na 16. Wiki ya tatu hii. Hawafi kwa mkupuo. Jioni nafunga banda wote wazima, asubuhi nakuta mmoja kalala chini kakauka. Zinapita siku nne kimya, nikianza kupumua, mwingine huyo. Sijaona kuhara, mafua, shingo kupinda wala jeraha la mnyama. Kideri nilichanja miezi miwili iliyopita. Nimewapa antibiotiki siku tano, hola. Jirani anasema nimewekewa sumu, na kusema kweli nimeanza kumwangalia kila mtu vibaya. Naombeni msaada.

KongweWaBanda
Kideri hicho, usijidanganye na chanjo. Ikikaa kwenye joto kabla ya kutumika, unakuwa umewanywesha maji tu.

Daktari_Kuku
Mkuu Kongwe, la chanjo kuharibika na joto ni kweli, ila kideri kikiingia kwenye kuku wasio na kinga hakichukui saba kwa wiki tatu. Kinafagia banda ndani ya siku chache, na ungeona kinyesi cha kijani na kuku wanaohema kwa shida. Sumu nayo ingewaangusha wengi kwa pamoja, labda iwe sumukuvu ya chakula chenye ukungu, hiyo huua taratibu.
Dada, antibiotiki acha kwanza. Unatibu usichokijua, na mayai ya siku hizo usiyale. Nijibu haya: wanaokufa ni akina nani, wakubwa au wadogo? Wanalala wapi? Na upanga wa kichwani una rangi gani?

Mtetea_Mweupe
Sikuwahi kuwaza "akina nani". Nimekaa nikahesabu: wote saba ni mitetea, wanne kati yao walikuwa wanaatamia. Jogoo na vijana watano wanaolala juu ya mti hawajaguswa hata mmoja! Upanga umepauka, karibu mweupe. Nilidhani ni uchovu wa kuatamia. Tena wawili wamekataa kabisa kuingia ndani jioni, nawasukuma.

BibiVifaranga
Mwanangu, kuku akikataa nyumba yake msikilize. Nikuulize jambo la aibu kidogo: ukitoka kuokota mayai huwashwi mikononi?

Mtetea_Mweupe
Nawashwa mama! Nikajua ni upele wa joto.

Daktari_Kuku
Bibi kamaliza kazi. Huo ni utitiri mwekundu, au papasi. Wote mchana hujificha kwenye nyufa, usiku hutoka kunyonya damu, ndiyo maana ukimkagua kuku saa nne asubuhi humkuti na kitu. Anayeatamia hawezi kukimbia, ananyonywa mpaka damu inamwisha. Leo saa tatu usiku ingia na tochi na karatasi nyeupe, uipitishe kwa chini ya fito wanazolalia. Ikitoka na michirizi ya damu, umempata mwizi.
Hata hivyo akifa mwingine, mpeleke kwa mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo apasuliwe. Mfunge kwenye mifuko miwili, mweke kwenye baridi ila asigande, maana akiganda viungo vinaharibika. Usimpasue mwenyewe. Na siku ukiona wengi wamekufa ghafla wamevimba vichwa, usiwaguse kwa mikono mitupu, toa taarifa.

Mtetea_Mweupe
Wakuu nimetoka bandani sasa hivi. Karatasi imekuwa nyekundu. Kwenye maungio ya fito kuna vitu kama majivu, ukivigusa vinatembea. Nimesisimka mwili mzima. Jirani nimemwomba radhi kimoyomoyo.

KongweWaBanda
Nimenyoosha mikono. Toa matandiko yote uyachome, fito zitoe nje uzimwagie maji ya moto yanayochemka, nyufa zizibe kisha paka chokaa. Rudia baada ya siku 5 hadi 7, mayai ya utitiri yaliyobaki yatakuwa yameanguliwa. Wengi hukwama hapo, wanasafisha mara moja halafu wanalia tena.

Daktari_Kuku
Na usidhani kuliacha banda tupu mwezi mmoja kutawaua kwa njaa. Utitiri huo unaweza kukaa miezi kadhaa bila kula. Dawa ya kuwapulizia kuku mwulize mtaalamu, pamoja na siku za kutokula mayai. Oili chafu usipake, naona mtu ataishauri muda si mrefu.

Fundi_Mbao
Nilikuwa nakuja kuishauri 😅

Mtetea_Mweupe
Siku ya tisa leo, nimeshasafisha mara mbili. Hajafa mwingine. Wale wawili jana wameingia ndani wenyewe, ila mmoja kwanza alisimama mlangoni muda mrefu akichungulia.