Kusoma kilimo cha maua chuo kikuu: kuna kazi kweli, au mzee ana haki?

MtotoWaMuheza:
Shikamooni wakubwa. Nimemaliza kidato cha sita, CBG (kemia, baiolojia na jiografia), nataka kuomba shahada ya hotikalcha pale SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, Morogoro. Mboga na matunda sina ugomvi navyo, ila moyo wangu uko kwenye maua na bustani. Tangu sekondari nazalisha bogonvilia kwa vipandikizi na kuziuza kwenye viriba hapa njia panda. Mzee anasema maua yanauzwa barabarani na watu wasio na digrii, kwa nini nikabebe deni la bodi ya mikopo? Waliosoma au walioko kazini: digrii inaongeza nini? Na nijiandae vipi kuanzia mwaka wa kwanza?

KitaluTegeta:
Dogo, mzee wako kaona mbali kiasi. Mimi nina kitalu barabara ya Bagamoyo, chuo sikukanyaga, na watoto wanasoma. Mteja anayeshuka kwenye gari anataka mti unaokua haraka na usiopasua ukuta, cheti haulizi. Lakini zabuni ya bustani ya hoteli ikitoka wanataka mchoro, mpango wa umwagiliaji na makadirio ya gharama yaliyonyooka. Hapo natafuta kijana wa chuo, na ananitoza vizuri tu.

DadaWaUsa:
Marahaba mdogo wangu. Nimesoma hiyohiyo Morogoro, kisha nikaingia shamba la vipandikizi vya krisanthemumu huku chini ya Meru. La mtaani umeshajibiwa, nikupe la shamba.

Ukipita Usa River usiku utaona vitalu nyumba vinawaka taa. Wapita njia hudhani ni ulinzi. Krisanthemumu huchanua usiku ukiwa mrefu, na huku kwetu usiku una karibu saa 12 mwaka mzima. Mmea mama ukiachwa hivihivi utaweka tumba, na ukishaweka tumba haukupi tena kipandikizi cha kupeleka Uholanzi. Kwa hiyo taa huwashwa katikati ya usiku, mmea uone kama usiku ni mfupi, uendelee kutoa machipukizi. Sasa, mstari mmoja wa taa ukizima, kesho yake huoni kitu. Hasara inajitokeza wiki kadhaa mbele, kwenye grinihausi ya mteja, tena kwa barua pepe yenye picha. Mwenye digrii analipwa ili alijue hilo asubuhi ileile.

La pili ni maji, na hapa ndipo wengi wanaachwa. Maji ya huku yana baikaboneti na floraidi nyingi. pH ikipanda, mmea unashindwa kuchukua madini ya chuma hata kama yapo: majani machanga yanageuka njano huku mishipa imebaki kijani. Asiyejua anaongeza mbolea, chumvi zinazidi, mizizi inaungua. Anayejua anapima pH na EC (kipimo cha chumvi) ya maji ya matone, anarekebisha pH kwa asidi. Floraidi nayo huunguza ncha za majani ya drasena, ule mmea wa mapambo. Ukiona nyumba ya mtu ina drasena za ncha kahawia, usikimbilie dawa. Kwa hiyo zile kozi za udongo na kemia zinazokimbiwa na wanafunzi, wewe kaa mbele. Majina ya kisayansi ya mimea nayo yashike, oda zote huja kwa majina hayo.

Halafu kuna watu. Wanaokata vipandikizi ni kina mama waliokuwa shambani kabla yako, na mkono wao unajua urefu wa kipandikizi bila rula. Ukiingia na shahada huku unawaamrisha kama watoto, utakwama. Salimia, omba kufundishwa kisu, kisha ndiyo ulete mambo yako ya daftari.

Fildi, yaani mafunzo ya vitendo, ndiyo itakayoamua. Wengi huomba ofisi iliyo karibu na nyumbani ili waokoe nauli, wanarudi na muhuri na picha za selfi. Bumu (pesa ya mkopo ya kujikimu) likitoka weka akiba ya nauli, uje Arusha shambani, au uende kwa mtu wa bustani za hoteli kama huko ndiko unakotaka. Hizo ni njia mbili tofauti kabisa. Ukifika mwaka wa pili uwe umeshajua ni ipi.

Mnaivasha:
Habari zenu kutoka Naivasha. Huku ni waridi, na kijana wa Egerton au JKUAT, vyuo vikuu vya huku Kenya, mara nyingi huanza kama skauti: anazunguka vitandani akigeuza majani kutafuta utitiri mwekundu, thripi na ukungu, na kuandika kila kitu. Inachosha, lakini mameneja wengi ninaowajua walipitia hapo. Tangu Aprili 2025 Umoja wa Ulaya umekaza masharti ya waridi kwa sababu ya nondo tunayemwita FCM, kwa hiyo jifunze mitego na kuweka rekodi za ukaguzi. Kiwavi mmoja kwenye boksi ni balaa.

MtotoWaMuheza:
Asanteni sana. Dada, hizi bogonvilia zangu nizitaje kwenye barua ya kuomba fildi, au wataniona wa kijijini? Na je, maua ya asili ya huku kwetu yana soko?

DadaWaUsa:
Soko lipo, muulize Mjerumani. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa kikoloni huko Tanga, alituma kwao mbegu za kiua cha zambarau kutoka milima yenu ya Usambara. Mwaka uliofuata likaitwa Saintpaulia, na mpaka leo ni ua la dirishani Ulaya na Marekani. Jani moja tu na kikonyo chake likichomekwa kwenye mchanga wenye unyevu linatoa miche. Ila usithubutu kwenda kung'oa msitu wa Amani, ile ni hifadhi, kibali kwanza.

Bogonvilia zitaje, lakini kwa hesabu: ulichomeka vingapi, vikashika vingapi, unene gani, msimu gani, kwenye udongo gani. Kama hukuandika, anza na kundi la wiki hii. Meneja akisoma "napenda sana maua" anaweka barua pembeni. Akiona asilimia ya kushika, atataka kujua ulitumia mchanga wa wapi.